Soma aya inafanya nini, si inasema nini

Ukipewa kazi ya aina usiyoizoea chuoni, iwe ripoti ya maabara, mapitio ya kitabu au pendekezo la utafiti, tafuta sampuli 2 nzuri za aina hiyo. Pembeni mwa kila aya andika, kwa maneno 2 hadi 5, kazi yake: "yaonyesha pengo", "yajibu pingamizi", "yaeleza vipimo". Kazi zinazojirudia kwenye sampuli zote mbili ndizo kiunzi, yaani mpangilio wa msingi wa andiko la aina hiyo. Zipange, kisha jaza hoja zako mwenyewe. Ukiandika muhtasari wa yaliyomo badala ya kazi, utaishia kunakili mada ya mwenzako. Sampuli 1 haitoshi, kwani hutajua lipi ni kanuni na lipi ni mazoea ya mwandishi. Mwongozo wa mhadhiri ukitofautiana na kiunzi chako, fuata mwongozo.