Ukisoma kuhusu bega mtandaoni, tafuta hili kwanza

Bega langu limeniuma miezi mitatu sasa, hasa nikinyoosha mkono kushika chuma cha juu ndani ya matatu, na nimesoma mengi mno kwenye simu. Kilichonisaidia ni hiki: kabla ya kuamini ukurasa wowote, tafuta panapoeleza nini hutokea usipotibiwa, na hatari za tiba inayosifiwa. Hakuna? Funga. Hayo yamo katika maswali 16 ya DISCERN, kipimo cha maelezo ya tiba kilichotolewa Uingereza mwaka 1999. Yanafaa kwa sababu anayeuza sindano au upasuaji ana sababu ya kutokuambia kwamba bega lililoganda, yaani lililokakamaa likawa linauma na gumu kusogea, mara nyingi hulegea lenyewe, ingawa polepole, mwaka mmoja hata mitatu. Lakini ukurasa mzuri haujui wewe unaumwa nini. Bega lililoganda na kano iliyochanika zinaweza kuuma karibu sawa. Na kama umeanguka na bodaboda, bega limebadilika umbo, mkono umekufa ganzi au hauinuki, weka simu chini uende hospitali leo, tafadhali. Usikubali mtu alivute mtaani. Mishipa ya fahamu iko hapo hapo.