Kabla Hujadungwa Seli Shina kwa Madhara ya Mionzi

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha tiba ya mionzi. Waliomaliza matibabu huniuliza: "Sista, eti seli shina zitanirudishia mate?" Seli shina ni seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Nami huwauliza kwanza: mionzi imekuharibia nini hasa?

Aliyepigwa mionzi mwili mzima kwenye ajali huharibikiwa uboho, kiwanda cha damu ndani ya mfupa, akaishiwa damu na kinga. Hapo seli shina za damu, zilizomo kwenye uboho, zina historia ndefu. Mwaka 1958, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Vinča, Yugoslavia, Dkt. Georges Mathé aliwapandikizia uboho wahanga watano huko Paris. Lakini kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, kati ya 13 waliopandikizwa wengi walifariki, kwani ngozi na utumbo navyo vilikuwa vimeungua. Uboho mpya hauponyi utumbo.

Wewe uliyetibiwa saratani ya koo, shida yako ni tezi za mate na shingo iliyokakamaa. Seli zinazojaribiwa huko ni za mesenkima, yaani seli shina za tishu za kuunganisha mwili, si za damu; hutolewa kwenye uboho au mafuta ya tumbo. Hazitarajiwi kugeuka tezi mpya. Hutoa kemikali za kutuliza uvimbe na kuamsha tishu jirani. Hospitali ya Percy, Ufaransa, imezitumia pamoja na upasuaji kwa watu waliounguzwa vibaya na mionzi, na Denmark wamezidunga kwenye tezi za mate. Huo bado ni utafiti, hata tangazo liseme nini.

Basi anza na makaratasi. Rudi hospitali ulikotibiwa, omba muhtasari wa matibabu: grei ngapi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), vikao vingapi, eneo gani, tarehe zipi. "Grei 66, vikao 33, shingo pande zote mbili" humweleza daktari mengi kuliko hadithi ya nusu saa. Kisha mwambie daktari wako wa saratani athibitishe kwamba ugonjwa haujarudi. Seli za kuchochea tishu kukua si za kupeleka palipo na uvimbe wa saratani.

Ukifika kwa wanaotoa huduma ya seli shina, uliza seli ni za nani, zimeandaliwa maabara gani, zitadungwa wapi, nani ameidhinisha utafiti, na nani atakufuatilia mwaka ujao. Fomu ya ridhaa ondoka nayo, ukaisome nyumbani. Wakikutundikia dripu ileile wanayompa mwenye magoti na mwenye kisukari, aga uende zako. Wakiita utafiti huku wakidai malipo makubwa, vivyo hivyo. (Picha za waliopona ukutani mimi sizihesabu.)

Wakati huo linda meno, maana mdomo usio na mate huyaozesha haraka. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, maji kidogo kidogo, na peremende zisizo na sukari. Usikubali kung'olewa jino kabla daktari wa meno hajaona ule muhtasari: taya lililopigwa grei nyingi linaweza kukataa kupona, mfupa ukabaki wazi.