Jinsi ya kuwakutanisha shehe, padri na mchungaji kabla mambo hayajaharibika

Watu wengi wanakumbuka amani ya dini siku ambayo vijana wameshaokota mawe, na hapo umechelewa. Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012 ilianza na watoto wawili wanabishana, mmoja akaikojolea Kurani, baada ya hapo makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Ugomvi wa watoto jamani! Mi naamini jambo kama lile linaweza kuishia barazani kama shehe na mchungaji wa mtaa wanajuana na wanapigiana simu.

Sasa ukitaka kuanza usiite semina. Anza na wawili tu, shehe wa msikiti wa karibu na padri au mchungaji wa hapohapo, nenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, kaa, kunywa maji, alafu mwambie shida inayoonekana kwa macho, spika za mkesha, eneo la makaburi, au nani achinje ng'ombe buchani, na hili la kuchinja usilichukulie poa kwa sababu Geita 2013 lilifika mpaka mchungaji akauawa.

Kikao chenyewe kipange siku isiyomuudhi mtu. Ijumaa mchana hapana, Jumamosi Wasabato wapo ibadani, Jumapili unajua mwenyewe, kwa hiyo Jumanne baada ya laasiri inafaa na mmalize kabla ya magharibi. Chai na mihogo inatosha. Posho ya mfadhili ikitangulia watu watakuja kwa ajili ya posho, ikikata na wao wanakata, bora mchangishane.

Sharti moja usililegeze: humo ndani hakuna mihadhara ya dini ipi ya kweli.

Kina mama waingie toka siku ya kwanza, tena kama wajumbe, wasiitwe kuja kupika chai tu. Wao ndo wanasikia mapema, bombani, kwenye vikoba, msibani, kabla hata mwenyekiti wa mtaa hajajua.

Ikija sauti ya WhatsApp kwamba sijui nani kachoma nini, usiisambaze, mpigie wa upande wa pili, muende wote wawili mpaka pale panaposemwa, muone kwa macho yenu, alafu muandike tamko moja lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, maneno yaleyale bila kuongeza chumvi.

Kwenda mkoa mzima, kila wilaya iwe na wawili wake kwanza. Hapa nawaangalia sana viongozi wa dini wa Acholi kaskazini mwa Uganda, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu walioungana wakati wa vita ya Kony, kiongozi wa waasi. Waliipigania sheria ya msamaha mpaka ikapitishwa mwaka 2000, waasi wapate njia ya kurudi nyumbani. Na Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walilala nje mjini Gulu usiku 4, pamoja na watoto waliokuwa wanatembea kila jioni kutoka vijijini wakikimbia kutekwa. Yaani wazee wazima, chini, na watoto wa watu. Kamati yenu ikikaa mwaka mzima haijaenda pamoja hata sehemu moja yenye maumivu, msiende mkoani kwanza.

Na namba zenu ziandikwe kwenye karatasi, moja ibaki msikitini moja kanisani, maana siku ya vurugu simu inaweza kuwa imezima chaji na anayetumwa mbio ni mtoto.