Sufuria ya Kupikia kwa Gesi: Namna ya Kuichagua na Kuitumia kwa Usalama

Katika kazi yangu ya upishi hapa Kampala nimeona wengi wakihamia gesi wakiwa na sufuria zilezile walizozitumia kwenye sigiri, yaani jiko la makaa. Nawasihi wazikague kwanza, kwa sababu makaa huikumbatia sufuria hata ikiwa kitako chake kimebonyea, ilhali jiko la gesi huibeba kwa vyuma vichache vyembamba.

Hatua ya kwanza ni kukipima kitako. Iweke sufuria tupu juu ya meza iliyo sawa, kisha ubonyeze ukingo wake upande mmoja baada ya mwingine. Ikiyumba, iache kwenye mkaa.

Hatua ya pili ni kuangalia unene na madini yake. Sufuria nyembamba ya alumini hupata moto zaidi pale mwali unapoigusa, hivyo posho, yaani ugali, huungua katika duara moja huku pembeni pakiwa bado pabichi. Zile nzito zinazotengenezwa na mafundi wa Katwe, hapa Kampala, hutawanya joto vizuri, lakini kwa kuwa alumini chakavu inayoyeyushwa huweza kuchanganyika na madini ya risasi, mimi huzitumia kwa matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba, ambayo hayagusi chuma moja kwa moja. Nyanya, ukwaju na ndimu huvipikia katika sufuria ya chuma cha pua, kwa maana uchachu huyatoa madini sufuriani na kuyaingiza katika chakula. Kikaango chenye utando usioshika chakula kisiachwe kitupu motoni, kwani joto likipita takriban nyuzi 260 za selsiasi utando huo huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara.

Hatua ya tatu ni ukubwa, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Nyumba nyingi hutumia kichomeo kinachofungwa juu kabisa ya mtungi wa kilo 6; ukikitwika sufuria pana ya matoke ya familia nzima, inaweza kupinduka, na joto linalogonga kitako hurudi chini kwenye vali na mtungi wenyewe. Sufuria kubwa ipewe jiko la mezani lenye miguu imara, nalo kichomeo cha mtungi kiachiwe chai na mboga.

Hatua ya nne ni kuwasha. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira, na mapovu yakitokea usiwashe. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi na ufungue milango bila kugusa swichi ya umeme, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Mwali uwe wa buluu na usipite ukingo wa kitako. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, safisha matundu ya kichomeo, maana moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu.

Mipini ielekezwe ndani, mbali na mikono ya watoto. Mafuta yakishika moto, zima gesi na ufunike sufuria kwa mfuniko wake, wala usimwage maji kamwe. Ukimaliza kupika, funga vali ya mtungi kwanza, subiri mwali ufe wenyewe, kisha ufunge kitufe cha jiko.