Jinsi ya kupiga picha ya timu kwa mtindo wa kizamani bila kuchanganya miaka

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye picha za kizamani ni hili: watu wamevaa bugaluu na raizoni za miaka ya sabini, afro imechambuliwa vizuri, halafu pembeni kuna TV ya chogo. Tanzania Bara, televisheni ilianza 1994. Kompyuta nazo serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974. Ukipigia jarida la teknolojia picha kama hiyo, wasomaji watakuumbua.

1. Chagueni mwaka mmoja. Timu niliyoipiga hapa Kigoma, watu saba, tulichagua 2000: Nokia 3310, kaseti, diski za floppy, TV ya chogo.

2. Azima, usinunue. Pita kwa mafundi wa TV wa eneo la Mwanga.

"Shikamoo fundi. Naomba kuazima TV mbovu."

"Marahaba. Mbovu ya nini? Hii inawaka."

Inayowaka ndiyo unayoitaka. Bila antena itatoa chenga, na chenga zinapendeza kuliko picha yoyote. Nguo utapata mitumbani.

3. Kioo cha TV. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mara ya kwanza nilipiga kwa spidi ya shata ya 1/125 ya sekunde, nikafika nyumbani na picha arobaini zenye mkanda mweusi uliokata kioo katikati. TV hizi huchora picha nzima mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo shusha spidi hadi 1/25. Kamera ikae kwenye stendi, watu wabane pumzi. Punguza mwanga wa chumba, la sivyo chenga zitafifia. Flashi iwe hafifu, itoke pembeni kupitia mwavuli. Ukiipiga mbele, kioo kitakurudishia doa jeupe.

4. Mikao. Waige wazazi wao walivyokaa studio: wa mbele mikono magotini, mmoja kaegemea redio, anayesimama katanguliza mguu. Bosi atataka katikati. Mimi nilimpa kazi ya kushika mkonga wa simu ya mezani, akasahau habari ya katikati.

5. Rangi. Usiifanye ya kahawia. Mwaka 2000 studio zilikuwa zinasafisha picha za rangi. Ongeza njano kidogo, kisha kona ya chini kulia andika tarehe kwa rangi ya chungwa. Isiwe ya Machi, maana 3310 ilitangazwa Septemba mwaka huo. Sisi tuliandika 31 12 00.