Mswada wa Fedha Ukitoka, Anza na Sahani ya Mtoto

Nina duka la rejareja Kisauni, Mombasa, na wateja wangu wengi ni akina mama wanaonunua kwa kupima: mafuta ya shilingi 20, sukari robo, pampers moja moja. Hawana hati ya mshahara wala hawajawahi kufungua tovuti ya KRA, yaani mamlaka ya ushuru, lakini ushuru wanaulipa kila siku, hapa kwenye kaunta yangu. Ndiyo sababu Mswada wa Fedha, ule wa kubadilisha ushuru kila mwaka, ukitoka huwa naliandikia Bunge maoni, nami nakuomba nawe uandike. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Mswada hufikishwa Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kufikia Juni 30 unatakiwa uwe sheria. Katikati hapo Karani wa Bunge la Taifa hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge kwamba maoni yanapokewa. Siku wanazotoa ni chache, kwa hiyo pakua Mswada mara tu unapowekwa. Umeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Anzia mwisho: huko nyuma kuna maelezo ya sababu na malengo, kipengee kwa kipengee, na lugha yake ni nyepesi kidogo. Ukikwama, muite kijana aliyemaliza kidato cha nne mkae pamoja.

Pigia mstari kila kinachomgusa mtoto: mkate, unga, maziwa, mafuta ya kupikia, gesi, pedi, nepi, na petroli pia, kwa sababu ya nauli. Kisha tazama kila kimoja kinafanywa nini. Asilimia 16 ya VAT, ushuru wa ongezeko la thamani unaotiwa kwenye bei, kila mtu huiona na kupiga kelele. Kinachopita kimya ni bidhaa kutolewa kwenye orodha ya asilimia sifuri na kupelekwa kwenye orodha ya zisizotozwa. Kwa masikio ya mnunuzi ni mamoja, lakini sivyo. Mwoka mikate hulipa VAT kwenye umeme, kwenye karatasi za kufungia na kwenye vipuri vya mashine. Mkate ukiwa asilimia sifuri, hudai fedha hizo zirudishwe na KRA. Ukiwa hautozwi tu, hawezi kudai chochote, na gharama ile anaitia kwenye bei. Ukiona uhamisho wa namna hiyo, uandike wa kwanza.

Soma Mswada mzima pia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliiweka gesi ya kupikia kwenye sifuri, na sheria hiyo hiyo ikaipandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Mama aliyefurahia mtungi alilia kwenye matatu.

Sasa piga hesabu ya kaunta, maana wabunge wameshazoea asilimia. Mwaka 2024 Mswada ulitaka ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mboga. Mama aliyekuja jana na shilingi 20 atakuja kesho na zile zile 20, hana nyingine. Bei ikipanda kwa robo, palipokuwa na vijiko vitano nitampimia vinne, na kijiko kilichopungua kimetoka kwenye sahani ya mtoto. Andika hivyo hivyo, kwa vipimo vya mtaa wako. Ushuru huo, pamoja na VAT ya mkate wa kawaida, Kamati ya Fedha ya Bunge iliuondoa Juni 18 baada ya wananchi kulalamika. Wiki moja baadaye vijana waliuawa barabarani wakiandamana kuupinga Mswada, na Juni 26 Rais akakataa kuutia saini Mswada wote. Nawakumbuka kila ninapoketi kuandika.

Ombi lako liegemeze kwenye Katiba. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi.

Usiishie kwenye kukataa. Sema fedha zitoke wapi: Hazina ya Kitaifa huchapisha ripoti ya misamaha ya ushuru, basi uliza ni msamaha gani unaowanufaisha wenye nacho na haumfikii mtoto yeyote. Sema pia ziende wapi. Wengine huomba mzazi apunguziwe PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Ni kweli kwamba nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi ni moja kwa asiye na mtoto na kwa mwenye watano, na hilo si haki. Lakini wateja wangu hawalipi PAYE, kwa hiyo nafuu hiyo itawapita. Mimi huomba ruzuku ya yatima na watoto walio hatarini, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, iongezwe na ifike kwa wakati. Imekaa hapo hapo miaka mingi huku unga ukipanda.

Ukurasa mmoja unatosha. Taja namba ya kipengee, unachotaka kibadilishwe, na sababu. Kiswahili ni lugha rasmi, kitumie bila woga. Nakala moja ipeleke kwa ofisi ya mbunge wako, na udai igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ikishachapishwa, ilinganishe na Mswada ule kipengee kwa kipengee, kisha wabandikie wateja ukutani walichoondolewa na walichoongezewa.