Kuotesha mizizi kwenye tawi la mndimu

Mndimu uliooteshwa kwa mbegu humngojesha mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Tawi lililooteshwa mizizi likiwa bado juu ya mti mama huzaa mapema zaidi, na ndimu zake huwa zile zile za mama yake.

Kazi hii ifanywe masika yanapoanza, wakati gome linabanduka bila taabu. Chagua tawi linalopata jua, lenye unene wa kati ya penseli na kidole gumba. Mti ambao majani yake yana mabaka ya manjano yasiyolingana upande wa kushoto na wa kulia uachwe, kwa sababu ugonjwa wake utahama pamoja na tawi.

Futa kisu kwa spiriti, kata gome kwa kulizunguka tawi mara mbili, ukiacha sentimeta 2 hadi 3 baina ya mikato, kisha bandua gome lililo katikati. Hapo wengi huishia, na hapo ndipo wanapokosea. Juu ya ule mti mweupe hubaki utando wenye utelezi, ambao sharti ukwanguliwe mpaka kidole kisiteleze tena. Maji hupanda kwa kupitia mti wa ndani, lakini chakula kitokacho majanini huteremka kwa kupitia gome. Likikatwa, chakula hukwama juu ya jeraha, na mizizi huchomoza papo hapo. Mara yangu ya kwanza niliuacha utando huo, na baada ya miezi miwili nilipofungua nilikuta gome jipya limeziba jeraha lote, mzizi hata mmoja hakuna.

Loweka makumbi ya nazi yaliyochambuliwa usiku kucha, yakamue yabaki na unyevu tu, kisha lizungushie jeraha bonge lenye ukubwa wa chungwa. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, mimi hutumia chupa ya maji ya nusu lita niliyoipasua kwa urefu. Kaza kamba juu na chini mvua isiingie, kisha funika kwa kipande cha gunia, maana mizizi hupenda giza.

Baada ya wiki 6 hadi 10 mizizi myeupe huonekana. Usiharakishe: ngoja ianze kuwa ya kahawia na kutoa matawi, ndipo ukate chini ya bonge. Punguza nusu ya majani, panda kwenye chungu bila kulivunja bonge, na uweke kivulini kwa mwezi mzima. Mche huu hauna mzizi mkuu, kwa hiyo ufungie kijiti cha kuuegemeza dhidi ya upepo.

Asumini haihitaji haya yote. Inamisha tawi refu hadi ardhini, likwaruze upande wa chini, lifukie kwa udongo huku ncha ikibaki nje, na ukandamize kwa jiwe.